Shule Iliyohamia Kwenye Jumba la Sinema

Wajukuu zangu, siku mkifika Oakland, California, pandeni treni mshuke kituo cha Mtaa wa 19, kisha mtoke juu barabarani. Upande wa Barabara ya Telegraph mtaliona jumba kubwa lenye kuba na mapambo ya kigeni, na bango refu la wima lenye jina lake kwa taa. Hilo ndilo Fox. Usiku hupigwa muziki humo, na watu hujipanga nje wakiwa na tiketi zao. Lakini ninyi njooni asubuhi. Mtawakuta watoto wa darasa la sita hadi la kumi na mbili wakiingia upande wa Mtaa wa 18, huyu ana fidla, yule ana viatu vya dansi begani, mwingine kabeba karatasi kubwa ya michoro na upepo unataka kumnyang'anya. Wanaingia shuleni. Shule yao imejipachika kwenye vyumba vinavyolizunguka jumba la sinema la mwaka 1928.

Inaitwa Oakland School for the Arts. Leo nataka niwaeleze ilifikaje pale, maana haikuzaliwa pale, na njiani iligombana na watu ambao nao walikuwa na haki yao.

Kwanza tuelewane ni shule ya namna gani. Ni ya umma, kwa hiyo mzazi halipi ada kama kwenye zile akademi mnazozijua. Fedha zinatoka serikalini kwa kila mtoto anayehudhuria. Ila haiendeshwi na ofisi ya elimu ya wilaya kama shule nyingine za mtaani. Inaendeshwa na bodi yake yenyewe, kwa mkataba. Ndani ya mkataba shule inaahidi itafundisha nini na watoto watafikia kiwango gani, na muda ukiisha, kwa California kwa kawaida miaka 5, wenye mamlaka wanaangalia ahadi ilitimizwa ama la. Isipotimizwa, shule inaweza kufungwa. Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kutunga sheria ya shule za namna hiyo, mwaka 1991, na California ikafuata mwaka 1992. Uhuru huo ndio unaoiwezesha shule kusema: sisi hapa mtoto atasoma hesabu na historia kama wenzake, lakini pia kila siku atapewa saa za kutosha za kucheza dansi, au kuchora, au kupiga tarumbeta, na saa hizo zitahesabiwa kuwa masomo kamili.

Aliyeianzisha ni Jerry Brown. Huyu bwana alikuwa gavana wa California tangu 1975 hadi 1983, halafu akarudi kugombea umeya wa Oakland, jambo ambalo wanasiasa wengi wangeliona ni kushuka ngazi. Akawa meya kuanzia 1999 hadi 2007, na baadaye kabisa, mwaka 2011, akawa gavana tena. Alipokuwa meya alianzisha shule mbili za mkataba. Ya kwanza, mwaka 2001, ilikuwa ya mtindo wa kijeshi: sare, gwaride, saluti. Ya pili, mwaka 2002, ndiyo hii ya sanaa. Mimi humcheka kidogo kwa hilo. Mtu mmoja, jiji moja, miaka miwili, na watoto wa huku wanafundishwa kutembea sawasawa wakati wa kule wanafundishwa kila mmoja atembee anavyosikia. Lakini fikra yake ilikuwa moja: mtoto aliyechoka na shule huamka akipewa kitu kigumu anachokipenda, kitu chenye nidhamu yake. Anayedhani dansi haina nidhamu hajawahi kusimama kwa ncha za vidole.

Sasa, shule ya sanaa ina shida moja ambayo shule nyingine hazina kwa ukali huo, nayo ni nafasi. Hesabu unaweza kufundisha chini ya mwembe. Lakini mchezaji dansi anahitaji sakafu ya mbao inayonesa, la sivyo magoti yake yatamlipisha akiwa bado kijana. Mpiga ngoma anahitaji ukuta mnene kati yake na anayefanya mtihani. Mchoraji anahitaji mwanga na sinki. Waigizaji wanahitaji jukwaa, na jukwaa linahitaji mahali pa kuficha mandhari, mavazi, ngazi na nyaya. Shule ikifunguliwa tu, swali la kwanza ni: tutakaa wapi? Na mjini, kila sakafu nzuri ya mbao tayari ina wenyewe.

Sakafu ambayo shule ilianzia ilikuwa kwenye jengo la Mtaa wa Alice, wakati huo likiitwa Alice Arts Center. Ni jengo la zamani la miaka ya 1920, mali ya jiji, lenye ukumbi wa maonyesho na vyumba vya mazoezi, na juu yake vyumba vya kupanga ambamo wasanii wengi waliishi. Humo lilikuwamo kundi la Dimensions Dance Theater, lililoanza mwaka 1972. Walikuwamo Diamano Coura na ngoma zao za Afrika Magharibi. Walikuwamo Axis, kundi la mwaka 1987 ambalo wachezaji wenye viti vya magurudumu na wasio navyo hucheza pamoja. Na alikuwamo mtu mmoja wa Kongo, Malonga Casquelourd.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huyu ni wa kwetu huku na hasimuliwi vya kutosha. Malonga alikuwa mchezaji na mpiga ngoma aliyefika Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1977 aliunda kundi la Fua Dia Congo katika eneo hilo la ghuba ya San Francisco, na kwa zaidi ya miaka 20 alifundisha ngoma za Kongo kwa yeyote aliyekuja: watoto, wanafunzi wa chuo, mama waliotoka kazini jioni. Watu weusi wa Oakland, ambao mababu zao walichukuliwa Afrika karne nyingi kabla na wengine walitoka ukanda huohuo wa Kongo, walikuja kujifunza kwake miendo ambayo miili yao ilikuwa inaikaribia bila kujua ilitoka wapi. Darasa lake lilikuwa na ngoma za mikono zinazopigwa hapo hapo; hapakuwa na kanda. Ukipotea, ngoma inakurudisha.

Basi shule mpya ikapangiwa makao ndani ya jengo hilo. Mwanzoni ilionekana ni jambo jema, watoto wanaojifunza sanaa wakae na wasanii. Ila shule hukua. Kila mwaka darasa jipya linaongezeka, na kila darasa linataka chumba. Uongozi wa jiji ukaanza kuangalia vyumba vya jengo lile, pamoja na vile ambavyo watu walikuwa wanaishi, kama mahali pa kuipanulia shule. Wasanii na wapangaji wakaambiwa wajiandae kuondoka.

Fikirieni hali ile. Shule inayoanzishwa ili kulea wasanii wa kesho inawatoa nje wasanii wa leo. Wenyewe walisimama. Wakaandamana na ngoma, wakaenda kwenye vikao vya baraza la jiji, wakasema wazi kwamba hawapingi watoto kusoma, wanapinga kuhamishwa. Malonga alikuwa mstari wa mbele. Juni 2003, mvutano ukiwa bado wa moto, Malonga alifariki kwa ajali ya gari mjini humohumo. Mji ulitetemeka. Wapangaji na vikundi hatimaye walibaki, na jengo likapewa jina lake: leo linaitwa Malonga Casquelourd Center for the Arts. Shule ndiyo iliyohama.

Mimi naona ulikuwa uamuzi wa haki. Na nadhani uliisaidia hata shule yenyewe, maana ilipokosa jengo la watu ililazimika kutafuta jengo ambalo halikuwa na mtu.

Jengo hilo lilikuwa Fox, na jamani, lilikuwa halina mtu kweli. Lilifunguliwa Oktoba 1928, enzi ambazo wenye sinema walijenga majumba kama makasri ya kwenye hadithi. Waliochora ramani walichanganya Uhindi, Uarabuni na ndoto zao wenyewe. Pande mbili za jukwaa wakaweka masanamu makubwa ya dhahabu yaliyoketi, yenye macho yanayowaka. Viti vilizidi 3,000. Kisha televisheni ikaingia majumbani, watu wakahamia vitongoji vya nje, na mwaka 1966 jumba likafungwa. Mwaka 1973 mtu akalitia moto, likaungua kiasi. Paa likavuja. Kuna wakati lilinusurika chupuchupu kubomolewa ili pawe mahali pa kuegeshea magari. Jiji lililinunua mwaka 1996, lakini kununua ni kitu kimoja, kutengeneza ni kingine. Kwa miaka mingi liliendelea kukaa na vumbi lake.

Kilichokwama ni hesabu. Jumba la muziki peke yake linaingiza fedha usiku tu, na si kila usiku. Ila Fox ina vyumba vingine vinavyolizunguka jumba hilo kwa nje, vilivyojengwa kwa ajili ya maduka na ofisi. Mwendelezaji wa majengo Phil Tagami na wenzake, pamoja na ofisi ya meya, wakaja na mpango wa kuunganisha mambo mawili: ukumbi wa muziki katikati, shule pembeni. Shule ingekuwa mpangaji wa kudumu wa mchana. Mradi wenye shule ndani yake na jengo la kihistoria mikononi ukaweza kupata nafuu za kodi na fedha ambazo ukumbi peke yake usingepata. Kwa hiyo msidhani jumba liliipokea shule kwa huruma tu. Watoto walisaidia kuliokoa jumba.

Wakati mafundi wanahangaika na dari na lipu, watoto walisoma katika madarasa ya kuhamishika yaliyopangwa nyuma ya Fox. Ni yale mabanda yanayoletwa kwa lori yakishushwa na kuwekewa ngazi mlangoni. Mabanda hayakuundwa kwa ajili ya kwaya. Sauti hupenya kuta zake kama maji kwenye kikapu, na wapiga ngoma wakianza, darasa la jirani linajua. Wapo watoto wa miaka ile walioingia na kuhitimu bila kuwahi kukaa ndani ya jumba waliloahidiwa. Walilitazama tu likitengenezwa upande wa pili wa ukuta. Historia za shule huwasahau wanafunzi wa namna hiyo, nami nimeona niwataje. Mapema mwaka 2009 shule ikaingia ndani, na Februari mwaka huohuo Fox ikafungua milango yake kwa umma baada ya miaka zaidi ya 40.

Siku ya mwanafunzi inaendaje? Asubuhi ni masomo ya kawaida: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia. Mchana mtoto anaingia kwenye fani yake, na hapo anakaa saa nyingi, si kipindi kimoja cha dakika 40 cha kuchovya na kuacha. Kila mmoja ana fani moja aliyoingilia: dansi, uigizaji, kuimba, ala za muziki, uchoraji na uchongaji, uandishi, kazi za kompyuta na filamu, au ufundi wa jukwaa. Kuna wakati hata sarakasi ilikuwa na idara yake, watoto wakijifunza kuning'inia na kubinuka kama somo la kawaida.

Ufundi wa jukwaa ndio ambao watoto wengi hawaujui, nami ndio unaonivutia zaidi. Mkitazama mchezo, mnawaona waigizaji wawili wanagombana sebuleni. Lakini sebule hiyo kuna mtu kaichora, kuna mtu kakata mbao zake kwa msumeno, kuna aliyepanga taa zifanane na jioni, kuna aliye gizani na kifaa masikioni akisubiri neno fulani ili abonyeze kitufe. Akikosea kwa sekunde mbili, mlango unagongwa kabla mgeni hajafika, na ukumbi mzima unacheka mahali pa kulia. Marehemu Angus Cloud, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa uigizaji wa televisheni (tamthilia yenyewe si ya umri wenu), alisoma upande huo wa shule, kwenye mandhari na taa. Uigizaji ulimkuta New York, pale msaka vipaji alipomwona akijitembelea barabarani.

Mwigizaji mwenzake katika tamthilia hiyo naye alipita shule hiyohiyo, na huyu najua mnamjua: Zendaya, yule MJ wa filamu za Spider-Man. Alizaliwa Oakland mwaka 1996. Mama yake alikuwa mwalimu, na msimu wa maonyesho alifanya kazi kwenye jumba la maigizo ya Shakespeare kule Orinda, nje kidogo ya mji. Binti alimfuata mama kazini, akawaonyesha wageni viti na kuuza tiketi za bahati nasibu, na huku macho yako jukwaani. Shule ilimpokea akiwa tayari ameshaonja. Mwaka 2020, akiwa na miaka 24, alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia, na wakati huo hakuna aliyewahi kuipata akiwa mdogo kuliko yeye.

Kisha kuna Kehlani, aliyeingia kwa dansi. Ndoto ilikuwa kwenda kusoma dansi chuo cha Juilliard, New York. Goti likaumia. Kwa mcheza dansi hiyo ni habari nzito, ila katika jengo ambalo jirani yako anaimba na mwingine anapiga gitaa, si lazima uende mbali kutafuta njia nyingine. Akageukia kuimba, akajiunga na kikundi cha vijana cha Poplyfe, na mwaka 2011 walifika fainali za shindano la televisheni la America's Got Talent. Leo ni mwimbaji mkubwa.

Nimetaja maarufu watatu kwa sababu mngeniuliza. Lakini shule yenye mamia ya watoto haiwezi kupimwa kwa watatu, na wengi wanaohitimu pale hawawi wasanii wa kulipwa. Wanakuwa wauguzi, walimu, wahandisi, wenye maduka.

Wapo pia wasioifurahia. Oakland ina shule nyingi za mkataba, na kila mtoto anayehamia huko huenda na fedha zake, huku shule za wilaya zikibaki na majengo yaleyale ya kutunza. Februari 2019 walimu wa shule za wilaya waligoma kwa siku 7, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa hilo. Halafu kuna suala la usaili. Kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kuingia alionyesha kwanza anachoweza: acheze, aimbe, alete michoro. Inaonekana sawa, mpaka ujiulize ni mtoto yupi mwenye miaka 11 anayejua kupiga fidla vizuri. Mara nyingi ni yule ambaye mzazi wake alimlipia mwalimu tangu akiwa na miaka 5. Shule ya umma ikichagua walioiva tayari, wale ambao ilianzishwa kwa ajili yao wanabaki nje ya mlango. Na fedha za serikali peke yake hazitoshi kulipa walimu wa fani zote hizo. Brown mwenyewe aliendelea kuchangisha mamilioni ya dola kwa ajili ya shule zake mbili hata alipokuwa kiongozi wa jimbo, na waandishi wa habari walimuuliza maswali kuhusu waliotoa fedha hizo. Yalikuwa maswali halali.

Sasa niwaeleze kuhusu Vocal Rush, kisha niwaache mkacheze.

Hiki ni kikundi cha waimbaji wa shule hiyo wanaoimba bila ala yoyote. Hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna ngoma. Mmoja anashika sauti kuu. Wengine wanajaza katikati, hawa juu, hawa chini. Kuna mmoja au wawili wa besi, wanaofanya kazi ya gitaa zito, na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwa ngoma: midomo, ulimi, pumzi na koo. Jaribuni nyumbani, mtaona mate yanavyoruka. Ugumu si kuimba vizuri. Wengi huimba vizuri. Ugumu ni kusikiliza. Bila kinanda cha kuwashikia ufunguo, kundi zima huweza kuteleza chini taratibu, wote pamoja, bila mmoja wao kujua, mpaka wamalize wimbo mahali tofauti na walipoanzia.

Mwalimu wao alikuwa Lisa Forkish. Walishinda mashindano ya sekondari ya uimbaji wa aina hiyo mwaka 2012, na tena mwaka 2013. Mwaka huohuo wa 2013 wakaingia kwenye The Sing-Off, shindano la televisheni ambalo Pentatonix walilishinda mwaka 2011, wakashindana na watu wazima, wakatoka wa tatu. Mwaka 2015 wakachukua ubingwa wa sekondari kwa mara ya tatu. Na kumbukeni hiki si kikundi cha watu walioapa kukaa pamoja. Kila mwaka masomo yakifungwa, wakubwa wanahitimu na kuondoka na sauti zao, na shule ikifunguliwa tena baada ya likizo, mwalimu anakaa na karatasi yake na kuanza kuita majina, akitafuta ni nani kati ya hawa wapya anayeweza kuimba besi.